Kukesha Pasipo Mgonjwa Wala Harusi: Historia Fupi ya Taa, Usiku na Usingizi

Miongoni mwa vitenzi vyetu vya kale kimo kimoja kifupi mno kilichobeba mzigo mkubwa: kucha. Twasema kumekucha, na tendo lenyewe halina mtenda. Hakuna aliyetumwa kuuleta mchana, kumekucha tu. Kutokana na kitenzi hicho tuna macheo, na tuna usiku kucha, yaani usiku mzima mpaka mwanga utokee. Kikitiwa kiambishi cha kutendwa huwa kuchwa, nacho kimetuzalia machweo na kutwa, yaani mchana mzima mpaka jua litue. Yuko na mtoto wa tatu ambaye wengi hawamtambui kuwa wa ukoo huo: kukesha. Kwa muundo wake wa Kibantu, kukesha ni hali ya kusababisha ya kucha. Anayekesha ndiye anayekufanya kuche. Huushika usiku mkono akaufikisha alfajiri. Ndipo tukapata mkesha, na ndipo tukapata kesho.

Nimeanza na kitenzi hiki kwa kuwa kinatuonyesha jambo la kihistoria. Zamani kukesha kulikuwa na sababu inayotajika. Mtu alikesha kwa mgonjwa, kwa harusi, kwa matanga, kwa ibada, kwa ngoma, au shambani akiwafukuza nguruwe. Aliyekesha bila mojawapo ya hayo aliulizwa ana nini. Leo watu wasiohesabika hukesha nusu ya usiku kila siku, pasipo mgonjwa wala harusi, na hakuna anayewauliza, kwa kuwa muulizaji naye yu macho. Lililobadilika ni taa. Nia ya makala haya ni kueleza taa zilivyobadilika, mwili ulivyoupokea mwanga huo mpya, na lugha yetu ilivyoshuhudia yote mawili.

Siku inayoanza magharibi

Kwa hesabu ya jadi ya pwani, siku huanza jua linapozama, kama ilivyo katika kalenda ya Kiislamu. Kwa hiyo usiku wa Ijumaa, kwa kauli ya wazee, ni usiku unaoikaribisha Ijumaa, ambao ofisi huuita Alhamisi usiku. Kijana asiyelijua hilo akialikwa hitima usiku wa Ijumaa, huenda akafika vyombo vimekwisha kuoshwa.

Saa zetu nazo zimefuata jua. Saa 1 ya usiku ni saa ya kwanza baada ya jua kuzama, na saa 1 ya asubuhi ni ya kwanza baada ya kuchomoza. Hesabu hii ingeleta taabu kubwa kwingineko, lakini kwetu imesimama kwa sababu tuko karibu na Ikweta. Unguja, iliyo nyuzi 6 hivi kusini mwa Ikweta, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote haizidi sana dakika 40. London, mchana wa Desemba ni wa saa 8 hivi, na wa Juni huzidi saa 16. Saa ya Kiswahili isingeweza kuzaliwa London. Mswahili aliyehamia Oslo huendelea kutamka saa 1 ya asubuhi kwa mazoea, ilhali dirishani mwake, mwezi wa Desemba, bado ni usiku mtupu.

Hata hapa kwetu saa ya ukutani na jua havikubaliani kikamilifu. Dar es Salaam na Kigoma hutumia saa moja ya kisheria, lakini jua hulifikia anga la Kigoma takriban dakika 39 baada ya Dar es Salaam, kwa umbali wa longitudo ulio baina yao. Mtoto wa Kigoma anayeamshwa saa 11 alfajiri ili awahi shule anaamshwa ndani ya usiku ulio mzito kuliko wa mwenzake wa Dar es Salaam, ingawa ratiba zao ni sawa.

Ndani ya usiku wenyewe wazee waliweka vituo. Yalikuwapo magharibi, yenye utusitusi wake, ikafuata isha, kisha usiku mkuu, kisha usiku wa manane, jina linaloelekea kutoka katika saa 8, wakati ambapo hata mbwa amenyamaza, kisha majogoo, kisha alfajiri, mapambazuko na macheo. Kila kituo kilikuwa na kazi na watu wake. Msikiaji akiambiwa kwamba mgeni alibisha hodi usiku wa manane, aliijua hofu ya mwenye nyumba kabla haijatajwa.

Kituo cha majogoo kina ushahidi wa sayansi usiotarajiwa. Mwaka 2013 watafiti Tsuyoshi Shimmura na Takashi Yoshimura wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, waliwafungia majogoo katika mwanga hafifu usiobadilika mchana wala usiku. Majogoo wale waliendelea kuwika kwa mzunguko wa saa zisizopishana sana na 24. Walipowekewa mwanga wa saa 12 na kiza cha saa 12, walianza kuwika kiasi cha saa 2 kabla mwanga haujaja. Jogoo, basi, hangoji kuiona alfajiri. Anayo ndani ya mwili wake. Methali yatuambia kwamba jogoo awike asiwike, kutakucha. Nageuza upande wa pili: kukicha kusikuche, jogoo atawika.

Kutoka mwenge hadi umeme

Taa za mababu zilikuwa moto uliofugwa. Palikuwa na mwenge wa makuti kwa mwendo wa usiku, na vyombo vidogo vya udongo au chuma vyenye utambi uliolowekwa katika mafuta ya nazi au ya ufuta. Majina yake mengi yalikuja kwa bahari. Kandili ni Kiarabu, nacho Kiarabu kililipokea kwa njia ya Kigiriki kutoka neno la Kilatini la mshumaa. Neno moja limekwenda Roma, likapita Bizanti na Arabuni, likatia nanga Lamu. Fanusi nalo limepita njia inayofanana nayo, kutoka Kigiriki hadi Kiarabu hadi kwetu.

Mafuta ya petroli yaliyosafishwa yalipoanza kuletwa kwa meli katika karne ya 19, waneni wa Kiswahili hawakuyaita kwa jina la kigeni. Waliyaita kwa kazi yake: mafuta ya taa. Jina limedumu hata pale yanapotiwa katika jiko. Vyombo vyake, kinyume chake, vilipata majina mengi: kibatari na koroboi kwa kile cha kopo na utambi, chemli kwa ile yenye kioo, jina lililotokana na neno la Kiingereza la bomba la moshi, karabai kwa ile ya pampu inayovuma na kung'ara. Aliyekulia penye karabai moja kijiji kizima anajua ilikuwa taa ya sherehe, si ya kila siku. Usiku wa kawaida ulikuwa wa kibatari, na kibatari kikionekana kwa mbali kilikuwa nukta.

Kisha ukaja umeme, na jina lake ni kisa kizima. Umeme ni ule wa mbinguni, unaomulika kabla ya radi. Wazee walipoona taa inawaka bila utambi wala mafuta, waliazima neno la mawingu. Ndugu zetu wa Kenya wana na neno jingine, stima, lililotokana na Kiingereza cha mvuke, neno lilelile tulilowahi kuziitia meli. Umeme lataja ajabu. Stima lataja mtambo.

Mjini Zanzibar, jengo ambalo Sultani Barghash bin Said alilijenga mwaka 1883 lilipata jina la Beit al-Ajaib, Nyumba ya Maajabu, na hukumbukwa kuwa la kwanza visiwani kuwa na taa za umeme. Katika bara la pwani, mwaka wa kukumbukwa ni 1908. Mwaka huo mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee alianza kuiuzia Mombasa umeme kwa jenereta iliyotoka Zanzibar. Na mwaka huohuo serikali ya Wajerumani iliwasha umeme Dar es Salaam, kwa karakana za reli na kwa sehemu ya mji walikokaa Wazungu. Mwaka 1931, chini ya Waingereza, kazi hiyo ilikabidhiwa kampuni mbili binafsi, na mmojawapo wa mizizi hiyo ndio uliozaa shirika ambalo Mtanzania humnung'unikia umeme unapokatika.

Umeme, basi, ulipoingia haukuingia kwa wote. Kwa miongo mingi ulifuata reli, bandari, bohari na nyumba za wakubwa. Walio wengi walibaki na koroboi, moshi wake puani, na hatari ya nyumba kuungua. Nalisema hili mapema kwa sababu yatakayofuata yasije yakasomwa kuwa ni kuutukana umeme. Mkunga anayepokea mtoto kwa mwanga wa tochi iliyobanwa mdomoni hahitaji kuhubiriwa uzuri wa giza. Tanzania ilipotunga Sheria ya Nishati Vijijini mwaka 2005, ilikuwa inalipa deni la karibu miaka mia.

Saa iliyo mwilini

Mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan aliuweka mmea wa jamii ya kifauwongo ndani ya kiza. Majani yake yaliendelea kufunguka nyakati za mchana na kujikunja nyakati za usiku, ingawa jua hakuliona. Kwa majaribio hayo madogo liliulizwa swali kubwa: je, kiumbe hulifuata jua, au hulibeba jua lake?

Kwa binadamu jibu lilitafutwa mapangoni. Mwaka 1962 kijana Mfaransa Michel Siffre aliingia katika pango la Scarasson milimani Alps, akakaa humo kiasi cha miezi 2 bila saa, bila redio na bila mwanga wa jua. Alitoka tarehe 14 Septemba. Kwa hesabu yake mwenyewe ilikuwa tarehe 20 Agosti. Akili yake ilikuwa imepoteza siku 25. Mwili wake, hata hivyo, haukuwa umepotea kiasi hicho. Uliendelea kulala na kuamka kwa mzunguko uliozidi saa 24 kwa nusu saa hivi. Akili ndiyo iliyopotea njia. Nyama na damu zilikuwa na dira.

Vipimo vya baadaye vilikuwa makini zaidi. Mwaka 1999 Charles Czeisler na wenzake wa Harvard walikadiria kwamba mzunguko wa ndani wa binadamu ni wa wastani wa saa 24 na dakika 11. Tazama maana ya dakika hizo 11. Saa ya mwili ni kama saa ya mkono inayochelewa kidogo kila siku. Isiporekebishwa, baada ya wiki chache itakuwa imepishana na dunia kwa masaa. Chombo cha kuirekebisha ni mwanga, hasa ule wa asubuhi.

Saa yenyewe ina makao. Ni vifungu viwili vidogo vya seli ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, vyenye jumla ya seli 20,000 hivi. Lakini ini, moyo na utumbo navyo vina saa zake, na ile ya ubongo ni kama mpiga zumari anayezipa nyingine mapigo. Namna jeni zinavyouendesha mzunguko huo ndani ya seli ilibainishwa kwa utafiti wa inzi wa matunda, uliowapatia Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young Tuzo ya Nobel mwaka 2017.

Giza linapoingia, tezi ndogo ya ubongoni huanza kutoa homoni ya melatonini, ambayo Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale aliitenga mwaka 1958. Melatonini haimwangushi mtu usingizini kama dawa; ni mpiga mbiu anayeutangazia mwili kwamba usiku umeingia. Jotomwili hushuka, na mwili hujiandaa. Mwanga mkali ukiingia machoni, mbiu hukatizwa. Mwaka 1980 Alfred Lewy na wenzake walionyesha kwamba hivyo ndivyo ilivyo kwa binadamu pia.

Kwa washairi nina jambo moja la ziada. Tumezoea kuliimba jicho kuwa dirisha la kuona. Kumbe lina kazi ya pili. Miaka ya mwisho ya karne ya 20 na mwanzo wa hii, wanasayansi waligundua katika retina seli chache zisizohusika sana na kuunda taswira. Kazi yake kubwa ni kuujulisha ubongo kama ni mchana au usiku, nazo huitikia zaidi mwanga wa rangi ya buluu, rangi ya anga la mchana. Ndiyo sababu baadhi ya vipofu wasioona chochote, ambao macho yao yangali na seli hizo, miili yao bado huijua alfajiri. Jicho huona, tena huhesabu saa.

Hapo ndipo tofauti ya kibatari na balbu inapoeleweka. Wanaopima mwanga hutumia kipimo kiitwacho laksi. Mbalamwezi ya mwezi mpevu haifiki laksi 1. Mshumaa, ukiwa umbali wa mita moja, hutoa laksi 1 hivi. Sebule yenye taa za umeme hufikia laksi 100 au zaidi. Nje, mchana kweupe, ni 10,000 hadi 100,000. Aidha, moto wa utambi ni mwekundu na una buluu haba, ilhali taa nyeupe za kisasa na vioo vya simu vina buluu tele. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 na Joshua Gooley na wenzake, wenye washiriki 116, ulionyesha kwamba kukaa katika mwanga wa kawaida wa chumbani kabla ya kulala, mwanga usiofika laksi 200, kulifupisha muda wa melatonini kwa kiasi cha dakika 90. Wazee walipokaa kuzunguka moto wakitegeana vitendawili, macho yalikuwa wazi na mwili ulikuwa umekwisha kuingia usiku. Sisi twakaa chini ya taa nyeupe, na mwili hudhani ni alasiri.

Je, wazee walilala mapema?

Hapa inatupasa kujihadhari na tamaa ya kuipamba kale. Husikika kwamba zamani watu walilala na kuku na kuamka na kuku, tena kwa saa nyingi. Ushahidi bora dhidi ya dhana hiyo umetoka Tanzania, kwa Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi. Mwaka 2015 kundi la watafiti lililoongozwa na Gandhi Yetish na Jerome Siegel lilichapisha vipimo vya usingizi wa Wahadzabe, Wasani wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, watu 94 kwa jumla, wanaoishi bila umeme. Walilala wastani wa saa 5.7 hadi 7.1 kwa usiku, wala hawakulala jua lilipozama; kwa wastani walilala saa 3.3 baada ya machweo. Waliamka, kwa kawaida, kabla ya jua kuchomoza.

Mwaka 2017 David Samson na wenzake walichapisha jambo la kustaajabisha zaidi kuhusu Wahadzabe. Walipima usingizi wa watu wazima 33 kwa siku 20. Katika muda wote huo, dakika ambazo wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Wakati wowote palikuwa na mtu macho: mzee aliyeamka mapema, kijana aliyechelewa kulala, mama aliyegeuka kumnyonyesha mwana. Kijiji kilikuwa na mlinzi pasipo kumteua. Msomaji mzee asiyepata usingizi saa 9 usiku na ajifariji hapo kidogo. Yamkini yuko zamu ya kale.

Mwanahistoria Mmarekani Roger Ekirch naye, tangu mwaka 2001, ameonyesha kwa nyaraka nyingi kwamba watu wa Ulaya kabla ya taa za mitaani walizungumzia usingizi wa kwanza na wa pili, katikati pakiwa na kipindi cha kuwa macho, kuswali, kuzungumza au kutafakari. Takwimu za Wahadzabe hazikuonyesha desturi hiyo, hivyo haiwezi kuwa sheria ya wanadamu wote. Ila pwani yetu inaijua kwa sura yake: aamkaye katikati ya usiku kwa sala ya tahajudi, na mji mzima uamkao kula daku mwezi wa Ramadhani, ngoma zikipita vichochoroni. Usiku uliokatika si lazima uwe usiku mgonjwa.

Basi, ikiwa wazee nao walilala saa chache, tumepoteza nini? Jibu langu ni kwamba tumepoteza majira kuliko tulivyopoteza muda. Mwaka 2013 Kenneth Wright na wenzake walichapisha habari za watu 8 waliopelekwa kupiga kambi milimani Colorado kwa wiki moja, wakiwa na jua na moto tu, bila taa za umeme. Saa zao za ndani zilirudi nyuma kwa takriban saa 2, zikapatana na machweo na macheo. Nyumbani, watu walewale walikuwa wakiamka asubuhi na melatonini ya usiku ingali damuni. Mhadzabe alalaye saa chache hulala ndani ya usiku wake. Mtu wa mjini aweza kulala saa zizo hizo, nusu yake ikiwa katika mchana wa watu wengine.

Wanaoumia zaidi ni wafanyao kazi za zamu: mlinzi, muuguzi, dereva wa lori, kijana wa bodaboda. Mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kazi ya zamu inayovuruga mzunguko wa mwili katika kundi la mambo yanayoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Hukumu hiyo haimaanishi kwamba kila mlinzi ataugua. Yamaanisha kwamba usiku anaoutoa una bei, na mshahara wake mara nyingi hauihesabu.

Mwezi na karabai

Wavuvi wa dagaa, pwani na maziwani, ndio waliohifadhi hesabu ya mwanga na giza hadi leo. Wao huwasha taa kazini ili dagaa wazifuate, na kwa ajili hiyo huhitaji giza la kweli. Mwezi unapokuwa mpevu taa zao hazina nguvu, dagaa hutawanyika, na wavuvi hupumzika, hushona nyavu na kurudi majumbani. Kwao mwezi bado ni mwajiri. Pamoja na hesabu hiyo wanayo ile ya maji: bamvua mwezi unapoandama na unapojaa, maji mafu baina yake.

Mwezi huugusa usingizi hata wa wasiovua. Mwaka 2021 Leandro Casiraghi na wenzake walichapisha utafiti juu ya jamii za Waqom wa Argentina, wengine wakiwa na umeme na wengine hawana, pamoja na wanafunzi wa Seattle. Katika siku zinazotangulia mwezi mpevu, wote walichelewa kulala na walilala kidogo zaidi, ingawa kwa waliokosa umeme athari ilikuwa kubwa zaidi. Ni siku ambazo mwezi uko juu tangu magharibi. Aliyecheza utotoni uani kwa mbalamwezi, akiitwa kulala akakataa, hahitaji kufafanuliwa.

Bahari imetupa pia tashbihi tuipendayo: kulala usingizi wa pono. Baadhi ya aina za pono, kila usiku, hujifunika utando wa ute wautoao mwilini, wakalala humo miambani hadi asubuhi. Aliyeitunga tashbihi hiyo alikuwa amemtazama samaki. Pono hujisitiri kwanza, ndipo akalala.

Kengele ya saa kumi

Miaka mingi nilifundisha katika shule za bweni, na ratiba ifuatayo msomaji ataitambua popote alipo Afrika Mashariki: masomo ya usiku mpaka saa 4, taa za bweni kuzimwa saa 4 na nusu, kengele kulia saa 10 na nusu alfajiri. Hizo ni saa 6 kitandani, kabla hatujatoa za kunong'ona. Wataalamu wa usingizi hupendekeza saa 8 hadi 10 kwa kijana wa miaka 13 hadi 18. Zaidi ya hayo, utafiti ulioendelezwa na Mary Carskadon wa Chuo Kikuu cha Brown umeonyesha kwamba katika ujana saa ya mwili husogea mbele. Kijana huchelewa kusinzia kwa maumbile, si kwa ukaidi. Tunamwekea taa nyeupe usiku ili saa yake isogee zaidi, kisha tunamwamsha usiku wa majogoo na kumwita mvivu anaposinzia katika kipindi cha kwanza.

Shule hizo hazina nia mbaya. Wazazi hudai matokeo, na kuwaka kwa taa huonekana kuwa ni bidii. Lakini kinachosomwa mchana huimarishwa na ubongo usingizini. Mwalimu aibaye usingizi wa mwanafunzi anafuta ubao alioandika mwenyewe. Gharama ya marekebisho ni ndogo: taa zipunguzwe nusu saa kabla ya kulala, kengele isogezwe mpaka karibu na macheo, na gwaride la asubuhi lifanyike juani, ambako saa ya mwili hurekebishwa bure.

Kazi ya mshairi

Kiswahili kina neno mwanga lenye maana mbili zinazokinzana: nuru, na yule mchawi atembeaye usiku kuwasumbua waliolala. Asili zake si lazima ziwe moja, lakini masikioni zimekutana, na sasa zimekutana hata vyumbani: mwanga wa kioo cha simu, saa 7 ya usiku, unafanya kazi ya mwanga wa aina ya pili.

Jambo linalonihofisha kwa upande wetu ni umaskini wa maneno. Katika tungo nyingi nizisomazo siku hizi, usiku ni neno moja tu, rangi yake nyeusi na mahaba ndani yake. Utusitusi haumo. Majogoo hayamo. Lepe la usingizi, mang'amung'amu, gubigubi, mbalamwezi inayochelewa kutoka kwa kuwa mwezi umekwisha kupevuka: hayo yametoweka kwa sababu mtunzi hajayaona, na hajayaona kwa sababu taa ilikuwa inawaka. Neno la wakati haliishi kamusini peke yake. Huishi pale mtu anapokuwa nje wakati huo, akaweza kuutofautisha na uliopita.

Kwa hiyo nawaomba watunzi jambo dogo. Mwezi ujao utakapokuwa mchanga, mzime taa zenu zote, simu ikiwamo, kuanzia magharibi hadi isha, mkae uani au barazani. Hesabuni ni mara ngapi giza linabadilika kabla ya kuwa giza, na kila badiliko mlitafutie jina. Mkilikosa, muulizeni mzee aliye jirani kabla hajaondoka nalo. Kisha mkalale. Shairi litangoja asubuhi.